Huyu si kandege tu

Mtu akija dukani kwetu Sinza kutafuta tundu la kasuku wa kijivu, maongezi huwa marefu. Anavuta kiti, anauliza nondo ziwe nene kiasi gani, anataka kujua kama karanga zinamfaa na kama kweli ataishi miaka arobaini. Akija mwenye baji au lavubedi, wale kasuku wadogo wa kufugwa nyumbani, hata hakai. "Kaka, nipe katundu ka bei ya chini. Ni kandege tu."

Sisi tunatengeneza matundu, tunachanganya chakula cha ndege na tunakaa na ndege wa wateja wanaposafiri. Ndege wenyewe hatuuzi, kwa hiyo hatuna sababu ya kuwapamba ili mtu anunue. Tunachoomba ni hiyo "ka" iondoke. Ikishazoeleka mdomoni inahamia kwenye tundu, inahamia kwenye bakuli, na siku ndege anaumwa inaamua kama atapelekwa kwa daktari au ataachwa "tuone kesho".

Kijana mmoja wa Tabata alikuja kwa bajaji na lavubedi wake, tundu limefunikwa kanga. Desemba tulikuwa tumekaa na ndege huyo wiki mbili, na daftari letu lilionyesha aliondoka akiwa na gramu 52. Siku hiyo nilimweka kwenye mzani, ukasoma 41. Mfupa wa kifua ulikuwa umechomoza, ukipitisha kidole unausikia wazi chini ya manyoya. Kijana alishtuka. "Mbona anakula, kaka? Bakuli lake halijawahi kuisha." Na kweli, lilikuwa limejaa mpaka juu. Nikalitoa, nikalipuliza. Makapi yakaruka yakatapakaa mezani, na chini ya bakuli zikabaki punje za mtama zisizofika ishirini.

Baji, lavubedi na kokateli, yule kasuku mdogo mwenye kishungi, hawamezi punje na ganda lake. Wanamenya kwa mdomo na ulimi, wanakula kiini, na ganda tupu linadondoka palepale. Ganda la mtama au uwele lililomenywa vizuri ukiliangalia kwa mbali huwezi kulitofautisha na punje nzima. Yeyote aliyewahi kupepeta mchele kwenye ungo anajua makapi yalivyo mengi na yalivyo mepesi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuongeza chochote, puliza bakuli. Kinachobaki ndicho chakula alichonacho ndege wako.

Gramu 11 zinasikika kama si kitu. Lakini kwa ndege wa gramu 52 ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya mwili wake. Ni sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo 15 bila nyumba nzima kugundua. Kijana yule hakuwa mzembe hata kidogo, alikuwa anamnunulia chakula kila mwezi. Ila hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu kila aliyemuuliza alimjibu kuwa lavubedi ni rahisi, unamwagia mtama basi.

Ndiyo maana kitu cha kwanza tunachomshauri mteja anunue si kengele wala kioo cha kuchezea. Ni mzani mdogo wa jikoni, wa dijitali, unaosoma gramu moja moja. Mpime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hajala, uandike. Baji wengi wa nyumbani wana gramu 30 hadi 40, lavubedi kama 40 hadi 60, kokateli 80 hadi 100 na kitu. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake wa kawaida, usisubiri. Ndege hawa porini wanaishi kwa makundi, na anayeonyesha unyonge ndiye mwewe anayemchagua, kwa hiyo wameumbwa kuficha ugonjwa. Ukimkuta amejivimbisha manyoya, amekaa chini ya tundu na mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, fahamu kwamba ameumwa siku kadhaa. Mzani ungekuwa umeshakuambia.

Kuna watu wanaamini akili ya kasuku inakwenda na ukubwa wake, kwamba kasuku wa kijivu ndiye mwenye akili na hawa wengine ni mapambo. Baji mmoja wa California, aliyeitwa Puck, aliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kujua maneno 1,728. Baji, mwenye uzito wa barua. Mwaka 2019 watafiti walichapisha jaribio ambalo baji jike alimwona dume ambaye yeye alikuwa amempuuza mwanzoni akifungua kisanduku cha chakula ambacho yeye mwenyewe kilimshinda, na baada ya hapo akaanza kumpendelea dume huyo. Na huko Venezuela, kasuku wadogo waitwao parotleti, ambao hawafiki hata ukubwa wa lavubedi, walichunguzwa viotani mwao, na matokeo yakatoka mwaka 2011: wazazi huwapa makinda miito yao, kila kinda wa kwake, kama mzazi anavyompa mtoto jina.

Ndege wa namna hiyo ukimweka peke yake kwenye tundu la duara, ukutani, na kijiti kimoja cha plastiki, atafanya nini tangu alfajiri mpaka usiku? Atajinyofoa manyoya. Au atapiga kelele mpaka majirani walalamike, halafu aambiwe ana tabia mbaya.

Lavubedi tena ni wa kwetu. Kwenye vitabu vya Kiswahili utamkuta kwa jina la cherero. Yule wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, cherero wa Fischer, kwao ni kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Victoria na Serengeti. Mwenye kichwa cheusi na kola ya njano ni wa katikati ya nchi, pande za Dodoma, Singida na Tarangire. Nao hata hapa Dar wapo wanaoruka huru, wazao wa ndege walioletwa na watu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 cherero wa Fischer alikuwa miongoni mwa kasuku waliokamatwa porini na kuuzwa kwa wingi kuliko wote duniani. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wanamlipia ndege huyu, na sisi tunamwita kandege. Mnyamapori hapa ni mali ya taifa na sheria yake ni ya mwaka 2009, kwa hiyo mtu akikusimamisha barabarani na cherero kwenye mfuko wa sandarusi, usinunue. Ukitaka kufuga, anzia ofisi ya wanyamapori, uulize kibali. Sisi ndege aliyekamatwa porini hatumpokei hata kwa siku moja.

Sasa nizungumzie hewa, maana hapa ndipo tumepoteza ndege wengi, na ndipo roho inaniuma zaidi.

Mama mmoja wa Magomeni alirudisha tundu likiwa tupu. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba baba" kwa sauti ya chini, akaliweka mezani na kusema hataki hela, tumpe tu mtu mwingine. Alikuwa na baji wawili dirishani, jikoni. Aliweka frampeni mpya kwenye gesi, ile ya ndani nyeusi isiyogandisha chapati, simu ikalia, akatoka kwenda kibarazani. Alivyorudi frampeni ilikuwa imekauka na inafuka kidogo, hata hakuona harufu kali. Akazima. Chini ya saa moja baadaye ndege wote wawili walikuwa wameanguka chini ya tundu. Yeye na wajukuu waliokuwa sebuleni hawakudhurika.

Mipako ile ikipata joto la kupita kiasi hutoa mvuke ambao binadamu anaweza asiuhisi, lakini ndege unamuua. Sababu iko kwenye mwili wenyewe. Mbali na mapafu, ndege ana vifuko vya hewa vinavyosambaa tumboni na kifuani, na hewa inapita kwenye mapafu yake kwa mkondo mmoja bila kusimama, ikinyonywa wakati anavuta na hata wakati anatoa. Ni mapafu ya ajabu, yanampa nguvu ya kuruka. Lakini kila sumu iliyopo hewani nayo inanyonywa hivyohivyo, na mwili wenyewe ni wa gramu thelathini na kitu.

Kwa nyumba zetu za Dar orodha haiishii kwenye frampeni. Kuna moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma inayowaka usiku kucha chini ya meza, dawa ya kupuliza, sigara, rangi mpya ya ukutani. Kuna ubani wa Alhamisi jioni na udi wa wageni. Hatusemi nyumba isifukizwe. Tunasema mtoe ndege kwanza, mpeleke chumba cha mbali au kibarazani, na arudi hewa ikishakuwa safi. Jikoni asikae kabisa. Mbu wazuieni kwa nyavu za madirishani, hizo hazimdhuru ndege.

Joto nalo, hasa Januari na Februari. Kibaraza chenye paa la bati saa nane mchana ni tanuri. Ndege akianza kuhema mdomo wazi na mabawa ameyatenga na mwili, tayari amezidiwa. Mhamishe kivulini penye upepo na umpe kibeseni cha maji ya kuoga. Usiku anahitaji giza na utulivu wa saa 10 hadi 12, kwa hiyo sebule yenye televisheni mpaka saa sita haimfai hata ukilifunika tundu.

Chakula hakina mambo mengi, ila mbegu peke yake haitoshi. Mtama, uwele na ulezi ndio msingi wa mchanganyiko wetu. Alizeti tunaitia kidogo sana kwa sababu ya mafuta. Juu ya hapo kila siku apate kitu kibichi: karoti iliyokunwa, hindi bichi, pilipili hoho, kipande cha pera au papai, mchicha kwa kiasi. Parachichi hapana, hata tone lililobaki kwenye kisu. Linamuua ndege. Na mbegu zikinuka uvundo zitupwe zote, hali ya hewa ya huku inaotesha ukungu ndani ya wiki.

Kwa majike ongezeni mfupa mweupe wa ngisi, ule unaookotwa ufukweni. Madini yake yanasaidia ganda la yai kuwa gumu. Jike aliyepungukiwa madini hayo, yai linaweza kumkwama na akafa nalo. Uloweke kwenye maji baridi siku tatu ukibadilisha maji, uanike juani mpaka ukauke, ufunge kwenye nondo. Ninapenda kumwangalia lavubedi anavyouparua, vumbi jeupe linamjaa kwenye mdomo mwekundu.

Tundu liwe refu kwa upana kuliko kwa kimo, maana ndege anaruka kwenda mbele, hapandi kama lifti. Kwa baji wawili tunaanzia sentimita 80 kwa upana, na nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 1.2. Waya mpya wa zinki tunausugua kwa siki na kuusuuza kabla ndege hajaingia, kwa sababu wanautafuna na zinki ni sumu kwao. Vijiti tunaweka matawi ya mpera, manene na membamba, nyayo zisipate vidonda.

Na jamani, lavubedi na baji wasichanganywe tundu moja kwa ajili ya rangi. Lavubedi ana mdomo wenye nguvu na anatetea eneo lake. Tumewahi kuletewa baji asiye na vidole viwili.

Yule lavubedi wa Tabata alikaa kwetu wiki tatu. Daktari wa mifugo alimwona siku ileile, hakumkuta na ugonjwa mwingine zaidi ya njaa. Tulimpa uwele ukiwa bado kwenye suke, kidogo kidogo, akiwa kwenye sanduku lenye taa ya joto. Siku ya nne alianza kupasua magazeti kwa mistari mirefu, kazi ya lavubedi mwenye afya. Aliondoka na gramu 49, na kijana sasa ananitumia uzito wake kwa simu kila Jumapili.

Kupima uzito hapa dukani ni bure, kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba, hata kama tundu na chakula ulinunua kwingine. Mlete ndani ya tundu lake, usilisafishe kwanza, kwa sababu kinyesi nacho tunakiangalia. Magonjwa hatutibu, lakini tutakuandikia tulichokiona ili umpelekee daktari. Wanaokwenda Moshi, Bukoba au Mbeya mwishoni mwa mwaka waweke nafasi mapema: tunapokea ndege ishirini tu, na kila mmoja anapimwa siku anayoingia na siku anayotoka.