Yule mbwa wa Capodimonte hakutoka kwa mfalme yeyote

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Najua barua ndefu mnazikata, kateni mnapotaka ila ile sehemu ya mhuri wa N msiiguse, maana ndiyo iliyonifanya nishike simu nianze kuandika usiku huu.

Wiki kama tatu nyuma ukurasa wenu wa nyumba na mapambo ulitoa picha ya sanamu ya mbwa, wale mbwa wa mbio wembamba, mweupe, amekaa kitako shingo juu kama bwana harusi anasubiri kupigwa picha, ana mkanda wa kijani shingoni na anatazama kushoto. Chini mkaandika ni kaure (ule udongo mweupe mgumu wa vyombo vya fahari) ya kifalme ya Capodimonte ya miaka ya 1700 na kwamba mwenyewe anaiuza, bei siirudii hapa. Mdogo wangu wa Tanga akanitumia ile picha na maneno "kaka si ndo haya madude yako, kumbe we tajiri unatuficha". Nikacheka, halafu nikaikuza, nikaangalia na ile picha ndogo ya pembeni inayoonyesha chini ya sanamu palipo na mhuri wa N, kicheko kikaisha, nikaona kuna mtu atatoa hela yake pale. Mimi niko Napoli mwaka wa 14 sasa, kilima cha Capodimonte nakiona nikitoka kwenye ngazi za jengo letu, na hao mbwa wa sanamu ninao 23 kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Nilivyowapata ni hivi. Kazi yangu ni kutoa vitu kwenye nyumba za marehemu. Huku bibi akifariki watoto wako Milano au Ujerumani, hawana muda wa kukaa kuchambua, wanapigia simu watu wa svuota cantine, ndio sisi, tunakuja watu watatu na kigari, makabati, magodoro, sahani, picha za watakatifu, kila kitu chini, jioni nyumba nyeupe. Cha kuuzika bosi anapeleka kwa wauza vitu vya kale, kinachobaki jalalani. Sasa siku moja tuko mtaa wa Vomero, ghorofa ya 5 na lifti mbovu, nyuma ya mlango nikakuta mbwa amekaa, dalmata, yule mweupe wa madoa meusi, ananifika pajani, nikaruka! Mimi mtoto wa Tanga, kwetu madrasa iko ubavuni mwa nyumba, mbwa tumezoea kumrushia jiwe na akikulamba unajiosha mara saba, moja kwa mchanga. Bosi akasema huyo tupa, sikio limemeguka. Nikambeba begani ngazi zote zile huku namtukana, nilipofika chini nikamtua juani ndo nikamwona vizuri.

Yale madoa hayakubandikwa. Kila doa mtu kaliweka kwa brashi, unaona pale ilipoanza imejaa rangi na pale ilipoishia imekauka ikaacha michirizi. Ubavu wa kushoto yako 61, wa kulia 54 (nilihesabu na binti yangu, ikabidi turudie maana alikuwa hakubali), na puani aliyepaka mkono ulimponyoka kidogo weusi ukashuka mpaka mdomoni, ndo maana yule mbwa anaonekana kama kadokoa mboga ya watu. Chini ana tundu dogo, na pembeni ya tundu kuna alama ya kidole gumba imeganda kwenye udongo, mtu alimshika akiwa bado mbichi. Halafu maandishi ya mkono, MADE IN ITALY na namba. Sikumtupa, na tangu siku hiyo nikiingia nyumba ya watu macho yanaanzia nyuma ya mlango.

Hawa mbwa wakubwa, mhariri, wengi wao ni wa miaka ya 1950 mpaka 1970 na kitu. Wametoka viwanda vya Nove na Bassano kule Veneto, wengine upande wa Firenze, na hawachongwi, wanamiminwa. Udongo unakorogwa na maji mpaka uwe kama uji, unamwagwa kwenye kalibu ya plasta, plasta inanyonya maji, udongo unaganda pembezoni kama ukoko wa wali kwenye sufuria, kisha uji uliobaki katikati unamwagwa nje na wewe unabaki na mbwa mtupu ndani kama mtungi. Lile tundu la chini ni la hewa, mbwa asiye na pa kupumulia anaweza kukupasukia kwenye tanuri. Baada ya hapo mshono wa kalibu unakwanguliwa kwa kisu na kusuguliwa na sponji, anachomwa, anapakwa rangi na ule ung'aro wa kioo, anachomwa tena. Kwa hiyo kalibu moja imetoa mbwa wengi tu, ila sura anaipata kwa yule aliyeshika brashi siku ile, mwingine mpole, mwingine ana macho ya afisa wa ushuru.

Sasa mbona mbwa wa Kiitaliano ameandikwa Kiingereza tumboni? Marekani walipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890, bidhaa ya nje ikitaka kuingia kwao lazima ionyeshe imetoka nchi gani na kwa Kiingereza, na Wamarekani ndio waliokuwa wanawanunua sana hawa, mbwa wawili wawili, mmoja huku na mmoja huku wa mlango. Kwa hiyo hata kama hujui lolote lingine, ukiona MADE IN ITALY halafu muuzaji anakwambia ni wa miaka ya 1700 we ondoka tu, nchi yenyewe iitwayo Italia imeungana 1861. Kwenye ile picha yenu ndogo, hayo maneno yapo, mmeyakata nusu lakini yanasomeka.

Juu yake ndo kuna ile N ya bluu yenye taji, na hapa ndo watu wanapoliwa. Kiwanda cha kifalme cha Capodimonte kilianzishwa 1743 na Carlo wa Bourbon, mfalme wa hapa Napoli, mkewe Maria Amalia alikuwa mjukuu wa yule Augustus wa Saxony mwenye kiwanda cha kaure cha Meissen, kwa hiyo kaure ilikuwa ni fahari ya ukoo. Alama yao haikuwa N, ilikuwa ua la yungiyungi. Mwaka 1759 Carlo akaenda kuwa mfalme wa Hispania, na jamaa hakuacha kitu, alihama na mafundi, vifaa, mpaka udongo wenyewe ukapakiwa melini kwenda Madrid. Mwanawe Ferdinando ndiye aliyefufua kazi 1771, ile N yenye taji ikaja wakati wake, na mwanzoni mwa miaka ya 1800 kiwanda hicho nacho kikafa. Baada ya hapo N ikawa kama shamba lisilo na mwenyewe, watu wa kiwanda cha Ginori kule Doccia karibu na Firenze wakaitumia, kisha vikaja viwanda vingine chungu nzima, ndani na nje ya Italia, na hadi leo mtu akitengeneza ua la kuweka mezani anaigonga N yake chini. Huku Napoli "Capodimonte" imekuwa aina ya pambo, kama mtu anavyosema kanga bila kuuliza imechapwa kiwanda gani. Mwenye mbwa wenu pengine hadanganyi kwa makusudi, kaambiwa na aliyemuuzia.

Na hata kaure yenyewe sidhani kama ni kaure. Njia ya kujua ni ya kijinga kidogo, mke wangu inamchefua: tafuta sehemu ya chini isiyo na ung'aro, gusisha ulimi. Udongo wa kawaida unanyonya mate, ulimi unanata, kaure hainati. Halafu mgonge kwa kifundo cha kidole, mzima analia kama kengele, mwenye ufa analia kama debe. Mwenye tochi ile ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti aizungushe gizani, palipozibwa na kupakwa upya mara nyingi panang'aa tofauti na pengine. Mimi tochi niliinunua baada ya kupigwa. Niliagiza sanamu ya mbwa aina ya boksa mtandaoni, picha safi, maelezo "hana kasoro", akaja amefungwa magazeti mawili tu, mguu mmoja mbali na mwenzake, na nilipotazama pale palipovunjika nikakuta gundi ya zamani, kumbe ulikuwa umeshavunjika siku nyingi wakauficha kwa rangi ya kupuliza. Muuzaji akasema ni msafirishaji, msafirishaji akasema ni muuzaji. Na vile vinyufa vidogo kama utando wa buibui msiambiwe ni ushahidi wa uzee, vinatokea kwa sababu ung'aro na udongo havikusinyaa sawasawa, vinaweza kuja siku mbwa anatoka tanurini, na wajanja wanavitia chai vionekane vya kale.

Sisemi kwamba kisicho cha mfalme ni takataka, hapo ndo mnaponiudhi zaidi. Watu wa kiwanda cha Lenci cha Torino, waliokuwa wanashona wanasesere tangu 1919, walipoingia kwenye udongo mwaka 1928 walitoa kazi ambazo leo watu wanazigombania. Na kuna Aldo Londi, huyu nampenda kuliko wote. Vitani alitekwa akashikiliwa Afrika Kusini, akarudi kwao 1946 akashika usanii wa kiwanda cha Bitossi pale Montelupo, na miaka ya 1950 akatoa ile bluu inayoitwa Rimini Blu, wanyama wa bluu ya bahari waliogongwa gongwa mihuri midogo midogo mwili mzima, farasi, paka, mbwa. Ninaye mbwa mmoja wa namna hiyo, mfupi, mnene, hana hata sura ya mbwa, bosi alidhani ni kishikio cha mlango, kwangu huyo anapita kaure zote za ikulu.

Mama yangu hajakubali. Nikimpigia simu ya video ananiambia geuza hiyo simu, malaika hawaingii humo, nami nageuza nakaa upande wa ukuta, siwezi kubishana na mama kwa dini. Ila mwezi wa 5 nilimpeleka yule dalmata chumba cha ndani nikimtengeneza sikio, jioni tunaongea akakaa kimya kidogo kisha akauliza, "yule wa mlangoni mbona leo hayupo?"

Basi mhariri, naomba mrekebishe yale maneno ya chini ya picha, ondoeni mfalme na ondoeni miaka ya 1700. Nami niungame, sina mkono safi kabisa kwenye hili. Wale mbwa wa mbio walikuwa wanatolewa jozi, mmoja anageuza shingo kushoto na mwenzake kulia ili mlango ukae katikati, na mimi ninaye mmoja, mweupe, mkanda wa kijani, nimekaa naye miaka 6 peke yake. Mwambieni huyo muuzaji akishaikubali bei ya udongo anitafute kupitia kwenu, wangu anatazama kulia.

Msomaji wenu,
Napoli, Italia