Bomba la mvuke likigonga, tafuta maji yaliposimama

Wateja wetu wa hapa Tanga wanaotumia boila, yaani mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, wakiwemo wenye vyumba vya kufulia vya hoteli na hospitali na wasindikaji wadogo wa maziwa, hutupigia simu kwa malalamiko mawili ambayo kwa kawaida huja pamoja: mabomba yanagonga kana kwamba kuna mtu anayapiga nyundo kwa ndani, na rejeta ya mashine ya kukaushia nguo, yaani mirija inayopashwa joto na mvuke, inavuja. Karibu kila mara tunaombwa tukazibe panapovuja. Sisi mafundi wa mabomba ya mvuke tunaandika makala haya ili mteja aelewe kwa nini sisi huanza na mlio, na kwa nini tunakataa kufunga gasketi (kizibio cha kwenye maungio) mpya kabla ya kujua kinachoivunja ile ya zamani.

Kinachogonga ni maji. Mvuke unapoingia ndani ya rejeta hukuta chuma chenye ubaridi, ukaachia joto lake na kurudi kuwa maji, na hiyo ndiyo kazi tuliyouitia. Joto linaloachiwa katika kugeuka huko ni zaidi ya mara 5 ya lile linalohitajika kupasha maji hayohayo kutoka nyuzi 0 hadi 100. Kwa hiyo rejeta nzima inayofanya kazi sawasawa inazalisha maji muda wote, na kuwapo kwa maji si ubovu. Ubovu ni maji kukosa njia ya kutoka. Ndani ya bomba kubwa mvuke hukimbia mita 25 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 90 kwa saa, kasi inayozidi ile inayoruhusiwa kwa basi la abiria kwenye barabara ya Segera. Ukikuta dimbwi limelala njiani huliinua, hulifanya kizibo kinachojaza bomba, na kukirusha mpaka kwenye elbo (kona ya bomba) au valvu ya kwanza itakayosimama mbele yake. Kuna na namna ya pili: mvuke ukifungiwa katikati ya maji yaliyopoa, hunywea ghafla, kwa kuwa kilo moja ya mvuke wa presha ya kawaida huchukua nafasi mara 1,600 hivi ya kilo moja ya maji, na maji ya pande zote hukimbilia pengo hilo na kugongana. Mlio unaousikia ni huo.

Mwenye nyumba wa New York au Chicago, ambako majengo mengi ya zamani hupashwa joto wakati wa baridi kwa rejeta za mvuke, anausikia mlio huohuo chumbani kwake. Huko, rejeta yenye bomba moja la kuingiza mvuke na kutolea maji huinuliwa kidogo upande wa pili ili maji yatiririkie kwenye valvu, na valvu hiyo hutakiwa kuwa wazi kabisa au kufungwa kabisa. Presha yao ni ndogo sana ikilinganishwa na ya boila la kufulia nguo, lakini kanuni ya maji ni moja, nayo ndiyo tunayoitumia hapa.

Kifaa cha kwanza tunachokitoa kwenye sanduku ni pima maji, kile chenye kipovu cha kuonyesha mlalo, kabla ya spana. Bomba la mvuke linatakiwa kuteremka kuelekea mvuke unakokwenda, na sentimita 1 kwa kila mita ni mteremko tunaoridhika nao. Katika chumba kimoja cha kufulia, ambacho mashine yake ya kukaushia ilikuwa imeshabadilishiwa gasketi mara tatu, msimamizi alituambia, "Fundi, linagonga kila asubuhi, wasichana wanaogopa kulikaribia." Tuliweka pima maji juu ya bomba, tukawa tunaisogeza hatua kwa hatua na kuchora alama ya chaki kila mahali kipovu kilipohama upande. Alama zilikaribiana katikati ya ukuta unaoelekea baharini. Pale palikuwa na kishikio ambacho chumvi ya upepo ilikuwa imekila mpaka kikabaki kama karatasi, na bomba lilikuwa limelala chini upana wa vidole viwili. Maji ya usiku kucha yalikuwa yamekaa humo yakisubiri mvuke wa asubuhi. Kishikio kipya na boliti mbili vilimaliza mlio, na gasketi ya nne ndiyo iliyodumu.

Tangu siku hiyo hatufungi gasketi ya mteja yeyote kabla ya kulipima bomba lake mwanzo hadi mwisho.

Penye mteremko mzuri, tunahamia kwenye trapu, kile kifaa kinachofungwa kwenye njia ya kutokea ya rejeta ili kiachie maji na kuuzuia mvuke. Trapu huharibika kwa namna mbili, na kila moja ina dalili zake. Ikiganda imefungwa, maji hupanda ndani ya rejeta: mirija ya juu inachoma, ya chini ni vuguvugu, nguo hazikauki, na mlio unatokea kwenye mashine yenyewe. Ikiganda wazi, mvuke hupita bure hadi kwenye bomba la kurudishia maji, tangi la maji ya boila hufuka moshi mweupe, na mlio husikika mbali na mashine, jambo linalowapoteza watu wengi kwa kuwa wanatafuta ubovu pale wanaposikia kelele. Tunapima joto kabla na baada ya trapu, kisha tunaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko chake na sikio kwenye mpini. Trapu ya kisahani inapiga "tiki" kwa vipindi. Ya puto ina sauti ya maji yanayopita taratibu. Iliyokufa wazi inavuma bila kupumzika. Tazameni pia mshale uliochorwa kwenye ubavu wake, maana tumekuta trapu zilizofungwa kinyume zikalaumiwa kuwa ni feki.

Kosa moja la watumiaji tunalitilia mkazo, kwa kuwa linafanywa kwa nia njema. Mtu akisikia mlio hurudisha valvu ya mvuke nusu, akidhani anaituliza mashine. Iwapo bomba la kurudishia maji limepita juu, karibu na dari, kila mita moja ya kupandisha maji inahitaji presha ya takriban 0.1 bari (bari ni kipimo cha presha). Ukibana valvu, presha ndani ya rejeta inashuka, nguvu ya kuyasukuma maji juu inapotea, na rejeta inajaa zaidi ya ilivyokuwa.

Asubuhi ni saa ya hatari kuliko zote. Bomba lililolala baridi hugeuza mvuke mwingi kuwa maji katika dakika za mwanzo, na valvu kubwa ikifunguliwa kwa mara moja, maji hayo yote husombwa pamoja. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na madereva wa injini za mvuke zilizopita juu yake hawakuwa na njia ya mkato katika jambo hili: kabla ya kuondoka walifungua vikoki vya silinda ili maji yatoke kwanza, kwa sababu maji hayabanwi kama mvuke, na yakibaki ndani hupasua chuma. Boila la kufulia linastahili uangalifu uleule. Fungua koki za kutolea maji zilizo chini ya bomba, zungusha valvu kubwa robo mzunguko, subiri maji yaishe na mvuke mkavu uanze kutoka, ndipo uongeze polepole. Kwa mabomba ya jengo la wastani hilo huchukua dakika 10 hadi 15.

Sababu nyingine ina mizizi katika maji yetu ya pwani. Maji ya bomba yanapokatika, baadhi ya wateja hujaza boila kwa maji ya kisima, na visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi. Chumvi hukusanyika kadiri maji yanavyochemka, maji hutoa povu, na mvuke huondoka umebeba matone mengi, kiasi kwamba bomba lenye mteremko kamili na trapu nzima nalo litagonga. Kioo cha kuonyesha kiwango cha maji kikiwa kinarukaruka badala ya kutulia, mwambie mhudumu wa boila atoe maji machafu ya chini na apime chumvi kabla ya kumwita fundi wa mabomba.

Sasa tuje kwenye kuvuja. Tundu la milimita 3 katika presha ya bari 5 hupoteza takriban kilo 20 za mvuke kwa saa; kwa siku ya saa 10 ni kilo 200, na boila la dizeli huunguza zaidi ya lita 15 kuutengeneza mvuke huo. Kinachotusikitisha zaidi ni vipande vya mpira wa tyubu ya gari tunavyovitoa kwenye flenji, yaani maungio ya bomba yanayokazwa kwa boliti. Mvuke wa bari 5 una joto la nyuzi 159 hivi, na mpira ule haudumu hapo; gasketi ya grafaiti yenye unene sahihi ndiyo inayofaa. Uvujaji wa kwenye shina la valvu mara nyingi hutibika kwa kukaza kidogo tu nati ya pakingi, kile kizibio kinachozunguka shina, na pakingi ikiisha hubadilishwa. Mirija ya rejeta yenyewe ikitoboka kwa kutu ya ndani, kuchomelea tundu moja ni kununua wiki chache, kwa sababu mirija jirani imelika kwa kiwango hichohicho. Tutakuonyesha kipande tulichokikata kabla hujaamua.

Tafadhali msikaze boliti wakati bomba lina presha, na msitafute tundu kwa kupapasa. Mvuke unapotoka tunduni hauonekani. Wingu jeupe mnaloliona ni pale uliposhaanza kupoa, na mkono huungua katika ile sehemu isiyoonekana. Mwili wa boila wenyewe hatuuchomelei kabisa bila mkaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi kuhusishwa, hata mteja akisema ana haraka.

Kabla ya kutupigia, andika kwa siku mbili bomba linagonga saa ngapi: linapowashwa tu, mchana kutwa, au mashine fulani inapofunguliwa. Maelezo hayo yanatupunguzia nusu ya kazi ya kutafuta. Kazi yenyewe tunapenda kuifanya Jumapili mchana, boila likiwa limezimwa tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na Jumatatu alfajiri fundi mmoja hurudi kusimama kando ya bomba wakati mhudumu wenu akifungua mvuke.