Rafiki naye ni mfiwa

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako zaidi ya miaka 20 na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Nimevumilia majina ya mitaa yetu kuandikwa ovyo. Nimevumilia matokeo ya Coastal Union kuchapwa siku mbili baada ya mji mzima kuyajua. Lakini ile habari ya ukurasa wa burudani, ya vijana wa Ngamiani hapa Tanga waliokesha barazani wakibishana juu ya kifo cha Han Solo, shujaa wa filamu za Star Wars za vita vya angani, hiyo imenishinda. Mwandishi wako amewachora vijana wale kama watu wasio na kazi, wanaomlilia mtu ambaye hajapata kuzaliwa. Halafu akaandika kwamba Han Solo aliuawa na adui. Han Solo ameuawa na mwanawe wa kumzaa, juu ya daraja, baada ya kumwita kwa jina alilompa yeye na mkewe, Ben. Asiyejua hilo hawezi kujua watu wanabishania nini.

Sisi wa rika langu tulimjua Han Solo kwenye banda la video Makorora, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Tanzania Bara ikiwa bado haina kituo chake cha televisheni. Filamu ya kwanza ilitoka 1977, ya pili 1980, ya tatu 1983. Kwetu zilifika kwa kanda zilizonakiliwa na kunakiliwa tena, mpaka nyuso za watu zikawa chenga tupu. Sheria ya bandani ilikuwa moja: steringi hafi. Mwisho wa filamu ya pili Han Solo anagandishwa akiwa hai, na kanda ya tatu haikuwepo mjini kwa miezi. Miezi yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyesema amekufa. Kwa hiyo filamu hizo zilipofufuliwa mwaka 2015, wazee wetu walewale wakarudishwa, na steringi akafa mbele ya macho yetu, ulitaka tunyamaze?

Wala hoja za vijana wale si za kitoto. Kuna wanaosema Harrison Ford mwenyewe alitaka Han Solo afe tangu filamu ya 1983, na aliyekataa ni George Lucas, mtunzi wa hadithi zenyewe. Basi mwigizaji alipewa alichokiomba, akachelewa kukipata kwa miaka 32. Ni kweli, alikitaka. Kuna wanaosema Disney, iliyoinunua Lucasfilm, kampuni ya Lucas, mwaka 2012, ilitaka wazee watoke ili vijana wakae. Kuna wanaosema bila damu ya baba yake, yule Ben, ambaye sasa anajiita Kylo Ren, angebaki kijana aliyenuna nyuma ya kinyago. Yote nimeyasikia, na kila moja lina uzito wake. Mimi na kifo chenyewe hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni matanga.

Nina maana hii. Han Solo anapochomwa na kutumbukia shimoni, Chewbacca, lile jitu la manyoya linaloongea kwa miguno, rafiki yake wa tangu filamu ya kwanza, anaona kila kitu. Analia kilio kisichohitaji mfasiri, anampiga Kylo Ren ubavuni, analipua mabomu waliyoyatega pamoja. Sayari yenyewe inapasuka, kwa hiyo maiti haipo na kaburi halipo. Wanarudi kambini kwa chombo kilekile Chewbacca alichokiendesha na Han Solo miaka nenda miaka rudi. Leia, mama wa muuaji na mke wa marehemu, amesimama uwanjani. Anapishana na Chewbacca kama abiria wanavyopishana stendi, anakwenda kumkumbatia Rey, binti aliyemjua Han Solo kwa siku zisizotimiza hesabu ya vidole vya mkono mmoja. Wanakumbatiana muda mrefu. Chewbacca ameshapita. Hakuna aliyempa mkono, hakuna aliyemwambia pole. Na mwongozaji, J.J. Abrams, alikiri mwaka 2016 kwamba lile lilikuwa kosa lake. Namheshimu kwa kukiri. Sababu aliyoitoa ndiyo iliyonigusa zaidi: katika mawazo yake Chewbacca alikuwa ameshughulika na Finn, kijana mwenzao aliyejeruhiwa. Kumbe kwa kuwa mtu ana kazi mkononi, hahesabiwi kuwa amefiwa.

Filamu hiyo niliiona mapema 2016, nyumbani. Mwanangu aliileta kwenye flashi. Ilipofika pale nikainuka nikazima runinga. Mtoto akadhani nimekasirika kwa sababu Han Solo amekufa, akaanza kunifariji. Sikuweza kumweleza siku ile, na labda leo ndiyo namweleza.

Rafiki yangu alikuwa mvuvi wa Sahare. Tulijuana darasa la tatu, na bandani tulikaa benchi moja. Hakuwa msemaji. Ukimuuliza jambo aliguna, na mimi ndiye niliyewaeleza wengine amekusudia nini, ndiyo maana wakampa jina la Chewbacca. Jina lile lilimfuata mpaka dikoni, hata wachuuzi wa samaki ambao hawajapata kuiona filamu walimwita hivyo. Julai 2013, kusi likivuma, alitoka alfajiri na mashua ya watu watatu. Wenzake wawili waliokolewa. Yeye mpaka leo bahari haijamrudisha.

Tukamswalia swala ya ghaibu, tukakaa matanga. Siku zote tatu nilikuwa pale. Nilifunga turubai, niliazima masufuria Barabara ya 9, nilibeba maji, nilikaa na wapishi wa pilau mpaka moshi ukanitoa machozi, na nikashukuru kwa moshi ule, maana ulinipa sababu. Siku ya hitima wafiwa wakaitwa wakae mbele wapokee mkono wa pole. Akakaa kaka yake aliyekuja kutoka Mombasa, ambaye walikuwa hawajaonana miaka 9. Akakaa shemeji. Akakaa binamu mmoja aliyeninong'oneza mlangoni kuniuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Mstari ukaanza kupita, mkono kwa mkono, Mungu akupe subira, Mungu akupe subira. Mimi nilisimama mwisho wa jamvi na birika la kahawa. Kila aliyemaliza kumpa mkono mfiwa wa mwisho alinigeukia mimi, na nilipomwona amenyoosha mkono nilidhani sasa ni zamu yangu. Akachukua kikombe. Wa pili akachukua kikombe. Zaidi ya watu mia moja walipita mbele yangu siku ile, ndugu Mhariri, na kila mmoja alininyooshea mkono, na kila mkono ulitaka kahawa. Mtu niliyekaa naye benchi moja tangu tukiwa na miaka 9, niliyejua miguno yake yote na maana zake, na pole yake sikuipata hata moja. Siwalaumu wale wazee, walimwona mtu mwenye kazi. Miaka karibu mitatu baadaye nikaliona birika langu kwenye runinga, nikaizima.

Nilikuja kusikia baadaye kwamba ipo riwaya ya mwaka 1999 ambamo mambo yalikuwa kinyume, kama yetu. Chewbacca ndiye aliyekufa, na Han Solo akaachiwa nafasi aomboleze kwelikweli, mpaka akagombana na mwanawe. Wapenzi wa hadithi hizo walikasirika wakati ule kama walivyokasirika 2015. Lakini angalau mwandishi wa riwaya alijua kwamba aliyebaki ni mfiwa. Na filamu ya 2019 ilijaribu kulipa deni: Chewbacca anapoambiwa Leia amefariki anaanguka chini akilia, na mwishoni anapewa nishani ambayo hakuvishwa mwaka 1977, siku Han Solo na Luke, shujaa mwenzao, walipovishwa yeye akisimama kando yao. Ni miaka 42 ya kusimama kando. Vijana wa Ngamiani walilizungumza hilo, nina hakika. Mwandishi wako hakuona kama ni habari.

Na si barazani tu tunapodharauliwa. Ofisini kwangu wakati ule, siitaji ni ofisi gani, niliomba siku tatu nikapewa moja, mbili nikakatwa mshahara. Mkubwa wangu aliniuliza marehemu ni nani wangu. Nikamjibu ni rafiki yangu. Akasema, "Rafiki tu?" Hilo neno "tu" ninalo mpaka leo. Baadaye nikaitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nikasoma kifungu cha 34 kwa macho yangu. Mfanyakazi anapewa angalau siku 4 za malipo kwa kuumwa au kufiwa na mtoto, au kwa kifo cha mke au mume, mzazi, babu au bibi, mjukuu, na ndugu. Rafiki hayumo. Kaka wa Mombasa, asiyemwona ndugu yake miaka 9, sheria inamjua. Aliyeshuka naye bandani akiwa mtoto na akamtafuta ufukweni kuanzia Sahare mpaka Tongoni siku nne, sheria haimjui. Kwetu Tanga, msiba ukiingia nyumba yoyote, nani anakimbilia turubai? Nani anakwenda kuamsha watu usiku? Hata watani wana nafasi yao msibani, wanajulikana, wanapewa haki yao na hakuna anayewauliza wametoka wapi. Rafiki peke yake ndiye anayefanya kazi ya msiba wote na kurudi nyumbani kwake kama kibarua.

Gazeti lako nalo limo. Fomu yenu ya tanzia ina nafasi ya kaka, dada, wajomba, mashangazi, wakwe, na ukoo wote wa hapa na wa nje ya mkoa, habari ziwafikie popote walipo. Nilipoleta tangazo la arobaini niliandika jina langu chini, mbele yake nikaweka neno rafiki. Lilipotoka, mstari wangu haukuwepo. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa fomu haina nafasi hiyo. Nililipia maneno yote, na hilo likiwemo.

Ninayoyataka ni machache na hayana gharama. Kwanza, fomu ya tanzia iongezwe mstari mmoja wa rafiki, uwe chini ya wakwe kama lazima, lakini uwepo. Pili, wabunge wetu wa mkoa huu, wanaolisoma gazeti hili, waombe kile kifungu cha 34 kiongezewe siku moja, siyo nne, kwa rafiki mmoja tu ambaye mfanyakazi ameandika jina lake kwenye faili siku anayoajiriwa, palepale anapoandika jina la mrithi, na urafiki wao uwe umetimiza miaka 10. Atakayeona hilo litaleta udanganyifu, amuulize mkubwa wa kazi yeyote ni bibi wangapi mtu mmoja anaweza kufiwa nao kwa mwaka. Tatu, sinema zozote zitakazofufuliwa tena, mtu akifa, kabla ya kukumbatiana na mgeni aangaliwe kwanza nani amebeba mizigo.

Na mwandishi wako arudi barazani. Asiende kuomba radhi wala kuandika masahihisho. Akae asikilize, na akifika akiwakuta wanalizungumza lile la Chewbacca, aulize kila mmoja wao nani ndiye rafiki yake wa tangu utoto na yuko wapi leo. Wanakaa kila Alhamisi baada ya isha. Kahawa ipo.

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga.