Safari ya Barbados huamuliwa London na Amsterdam

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu makala ya utalii mliyoichapa hivi karibuni juu ya kisiwa cha Barbados. Mwandishi wenu alizieleza vizuri fukwe na hoteli za huko, kisha akamalizia kwa kusema kwamba kwa kuwa Mtanzania haombi viza ya kuingia Barbados, safari hiyo ni rahisi. Ni kweli kwamba Barbados huwapokea raia wa Tanzania na Kenya bila viza. Huo urahisi ndio ninaoupinga, kwa sababu umeshawaponza watu.

Hakuna ndege inayotoka Dar es Salaam au Nairobi moja kwa moja hadi Bridgetown, mji mkuu wa Barbados. Msafiri wetu hana budi kupitia nchi ya tatu, na masharti ya nchi hiyo ndiyo yanayoamua kama atafika. Njia inayojulikana zaidi ni ya London, ambako British Airways na Virgin Atlantic zina safari za Barbados; lakini Uingereza inamtaka mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya awe na viza ya kupita hata kama hatatoka nje ya uwanja wa ndege, isipokuwa awe miongoni mwa waliosamehewa, kwa mfano wenye viza hai ya Marekani au Kanada. Anayepitia Miami au New York atakuta kwamba Marekani haina utaratibu wa abiria wa kimataifa kusubiri ndege nyingine bila kupita uhamiaji, hivyo atahitaji viza ya Marekani. Amsterdam ina nafuu: KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ilianza safari za Bridgetown mwezi Oktoba 2021, ingawa haziwi za mwaka mzima, na Mtanzania mwenye tiketi moja inayounganisha safari yote anaweza kusubiri ndani ya uwanja bila viza. Jirani yetu wa Kongo mwenye pasipoti ya Kinshasa hana nafuu hiyo, kwa sababu nchi yake imo katika orodha ya zile ambazo raia wake wanatakiwa kuwa na viza ya uwanja wa ndege katika nchi zote za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja.

Mpwa wangu alialikwa kwenye mkutano wa kitaaluma katika kampasi ya Cave Hill ya Chuo Kikuu cha West Indies, iliyopo nje kidogo ya Bridgetown. Wakala wa tiketi, ambaye sitamtaja, alimuuzia tiketi mbili zisizounganishwa kwa kuwa zilikuwa za bei nafuu: ya kwanza ilimfikisha Heathrow, na ya pili ilimtoa Gatwick, viwanja viwili tofauti vya London. Maana yake ni kwamba angepaswa kuchukua mizigo yake, kupita uhamiaji wa Uingereza na kuvuka jiji zima kwa barabara. Kwenye kaunta, begi lake likiwa tayari limeshapimwa, mhudumu alifungua pasipoti ukurasa kwa ukurasa akitafuta viza ya Uingereza, akarudi mwanzo akatafuta tena, kisha akaliteremsha begi kutoka kwenye mizani bila kusema neno. Wakala alipoulizwa alijibu kwamba Barbados haitaki viza. Hakusema uongo, na fedha hazikurudi.

Makala yenu ingeweza pia kueleza kwa nini njia zenyewe zimekaa hivyo. Barbados ndicho kisiwa cha mashariki kabisa katika safu ya Karibi, yaani ndicho kilicho karibu zaidi na Afrika. Kutoka Dakar hadi Bridgetown ni kiasi cha kilomita 4,500 tu za bahari. Kutoka Dar es Salaam, kama ndege ingenyoosha njia, ni kiasi cha kilomita 11,000. Kwa kupitia London zinazidi 14,000. Njia hizo za anga zimechorwa na historia ya ukoloni wa Uingereza. Waingereza walianza kukaa kisiwani mwaka 1627, wakalima tumbaku, na kuanzia miaka ya 1640 wakageukia miwa, zao lililowatajirisha wenye mashamba kwa jasho la Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Sheria ya watumwa iliyotungwa Barbados mwaka 1661 ilikuja kuigwa Jamaica na South Carolina. Mwezi Aprili 1816 watumwa waliinuka katika uasi unaohusishwa na jina la Bussa, ambaye leo ni shujaa wa taifa. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, na serikali ya Uingereza ikatenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki wa watumwa katika makoloni yake, huku watumwa wenyewe wasipewe chochote. Sisi wa pwani, tunaoijua habari ya mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili.

Mgeni hahitaji kwenda mbali kukutana na historia hiyo. Uwanja wa ndege wa Grantley Adams, uliopewa jina la waziri mkuu pekee wa Shirikisho la West Indies, muungano wa makoloni ya Uingereza ya Karibi uliodumu kuanzia 1958 hadi 1962, uko katika wilaya ya Christ Church, na katika wilaya hiyo hiyo ndiko lilikokuwa shamba la Newton, ambako watumwa wapatao 570 walizikwa. Kisiwa kizima kina kilomita za mraba 430 hivi, kiasi cha robo ya Unguja, kwa hiyo asiyefika Newton amekosa nia tu. Nchi ilipata uhuru tarehe 30 Novemba 1966, na tarehe kama hiyo mwaka 2021 ikaacha kumtambua Malkia wa Uingereza kuwa mkuu wa nchi, Sandra Mason akaapishwa kuwa rais wa kwanza. Sanamu ya Nelson, jemadari wa majini wa Uingereza, ilikuwa imeshaondolewa katikati ya Bridgetown mwaka mmoja kabla.

Suala la majira nalo lilipitwa. Msimu wa vimbunga katika Atlantiki huanza Juni hadi mwisho wa Novemba, na ndani yake ndimo zinamoangukia likizo zetu za katikati ya mwaka na sherehe za Crop Over za kumaliza mavuno ya miwa, ambazo kilele chake ni Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Tarehe 29 Juni 2024 India ilitwaa Kombe la Dunia la kriketi la T20, yaani la mechi fupi, katika uwanja wa Kensington Oval, mashindano ambayo Uganda nayo ilishiriki kwa mara ya kwanza. Mara tu baada ya fainali kimbunga Beryl kikasogea, uwanja wa ndege ukafungwa, na mabingwa wakakwama hotelini hadi tarehe 3 Julai. Ikiwa timu yenye ndege ya kukodi ilisubiri hivyo, mwenye tiketi ya bei ya chini isiyobadilishika ajue anachokinunua.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni kwamba kila mnapochapa makala ya nchi ya mbali muweke pembeni kisanduku kidogo chenye majibu ya maswali matatu: ndege zinapitia wapi, nchi hizo za kupitia zinamtaka nini mwenye pasipoti yetu, na cheti gani cha chanjo kinahitajika. Hilo la tatu si dogo, maana nchi za Karibi huwa makini na homa ya manjano kwa abiria wanaotoka Afrika, na chanjo yake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayekumbuka kuchanja siku ya kuamkia safari amechelewa. Taarifa za viza hubadilika. Kisanduku hicho kiwe na tarehe, na kisinakiliwe kutoka kwenye matangazo ya mawakala.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi,
Dar es Salaam