Mwanangu, umepima oili?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kilomita 400 kwa skuta, unaondoka Jumamosi, na nilipokuuliza habari za oili ukanijibu, "Taa haijawaka, baba." Jibu hilo ndilo limenikosesha usingizi.

Taa ya oili si kijiti cha kupimia. Kwenye baadhi ya skuta inahesabu kilomita tu ili kukukumbusha sevisi. Kwenye nyingine inangoja presha ishuke, na presha ikishashuka pistoni inakwaruzika. Nyingine hazina taa kabisa. Na injini ndogo kama hiyo kwa kawaida haibebi hata lita moja na nusu. Ikila robo lita, kwenye gari usingejua. Kwako ni pengo kubwa.

Basi pima. Ijumaa jioni, si Jumamosi ukiwa na begi mgongoni. Iweke mahali tambarare, kwenye stendi ya kati. Ya pembeni nakukataza: skuta ikiinama, oili hukimbilia upande mmoja na kijiti kinakudanganya. Washa injini dakika tatu hivi, zima, subiri nyingine tatu oili iteremke. Usubiri kweli. Nakujua ulivyo na haraka. Sijui umeirithi kwa nani. Mama yako anasema yeye anajua.

Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kichomoe tena, usome. Hapo kwenye kurudisha ndipo wengi wanapokosea. Skuta nyingi zinataka kijiti kikae tu juu ya tundu bila kukazwa. Ukikikaza kinazama zaidi na kinaonyesha oili nyingi kuliko iliyomo. Nyingine zinataka kikazwe. Kitabu chake kinaeleza, na kiko chini ya kiti, nilikiweka mwenyewe kwenye mfuko wa nailoni. Naamini hujakifungua.

Oili ikae kati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo, ya namba ile ile iliyoandikwa kitabuni, kisha pima upya. Usipitishe alama ya juu, ikizidi inapiga povu na kusukumwa hadi kwenye filta ya hewa. Ukiikuta nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikinuka petroli, usiondoke, nipigie, hata kama ni usiku. Ile ya gia, kule nyuma, ni oili nyingine na tundu lake ni jingine, usije ukachanganya.

Unaendesha vizuri. Kona unazichukua kwa adabu kuliko mimi, na hilo nimewaambia watu wengi kuliko nilivyokuambia wewe. Ndiyo maana linaniudhi: mtu mwenye mkono kama wako anashindwa vipi kuinama dakika kumi?

Ile skuta ya zamani iliyonoki kwa kukosa oili unaijua, siirudii. Ila yule fundi niliyemsema mbele yenu wote kwamba hakukaza nati ya kumwagia oili: nati ilikuwa imekaza. Kijiti ndicho kilikuwa hakijachomolewa miezi mitatu. Tuyaache hayo.

Mdogo wako ameshahamia chumbani kwako na kitanda amekigeuzia dirishani. Usimgombeze, nilimruhusu. Funguo za stoo ulikwenda nazo, zitafute kwenye lile koti la mvua, na koti lenyewe ulivae hata jua likiwaka, mama yako amesisitiza. Bomba la jikoni bado linavuja. Nilisema nitalitengeneza, nami nitalitengeneza.

Ukishafika, usiache. Kila baada ya kujaza tangi mara mbili, pima, na kabla ya safari yoyote ndefu, pima.

Ijumaa usiku nitumie picha ya kijiti. Kijiti chenyewe, karibu, alama zote mbili zionekane. Siyo picha ya skuta.

Baba