Barua ya wazi kwa vijana wa upelelezi: andikeni jina lake

Wanangu, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na amani iwe kwenu nyote.

Nawaandikia ninyi mliopewa kazi ya kuwasaka washukiwa wa ugaidi, mliohitimu majuzi pamoja na wenzenu mliokwisha kuizoea. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama, mzaliwa wa Mombasa. Sina bunduki wala cheo cha kumwamrisha mtu. Kazi yangu ilikuwa kupokea hati za mashtaka asubuhi, kuita majina ya mahabusu, na kuona ni nani ameletwa na ni nani hakuletwa. Nyuma ya chumba cha mahakama, kwenye mabenchi, walikaa mama zao. Ninyi hao hamkai nao sana. Sisi tulikaa nao siku nzima.

Msinidhanie kuwa nawatetea wauaji. Tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa kwa mabomu, watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam, na watu wengi Nairobi walipoteza macho kwa vioo vilivyowarukia walipokimbilia madirishani kuona mlipuko wa kwanza ulikuwa wa nini. Novemba 2002, hapo Kikambala, bomu liliwaua wacheza ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni hotelini, watoto wa hapa hapa. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Wenzenu wameraruliwa na mabomu yaliyotegwa barabarani Lamu na Mandera. Anayefanya haya ni adui wa watu, na anayemficha ni mshirika wake. Mkamateni.

Ninalotaka kuwaambia linaanza pale pingu zinapofungwa. Mtu huyo akishakuwa mkononi mwako hawezi kukimbia, hawezi kupiga simu, hawezi hata kujikuna. Tangu hapo kila kitakachompata ni juu yako. Na jambo la kwanza ninalokusihi, kabla ya maswali na kabla ya upekuzi, ni hili: mpeleke kituoni na uandike jina lake katika OB, kitabu cha matukio cha kituo. Jina lake, saa aliyokamatwa, mahali, aliyemkamata, na hali ya mwili wake alipofika. Kisha umwambie jamaa yake mahali alipo.

Mtasema hilo ni dogo, ni kazi ya makarani. Naam, ni kazi ya makarani, na ndiyo maana naijua. Katika miaka yangu yote sikuona mtu aliyeandikwa vizuri saa ya kwanza, jamaa zake wakajua, wakili akajua, kisha akapotea. Wanaopotea ni wale ambao kitabu hakikuwajua. Mama anakwenda kituo cha kwanza, anaambiwa hapa hayuko. Anakwenda cha pili, cha tatu. Kila askari wa zamu anafungua kitabu mbele yake na kumwonyesha ukurasa, na askari huyo hasemi uongo, kwa sababu jina kweli halimo. Uongo ulifanywa na mwingine, garini, usiku, kwa kutoandika.

Mnamkumbuka wakili Willie Kimani. Juni 2016 yeye, mteja wake na dereva wao wa teksi walishikwa wakitoka mahakamani Mavoko, wakafungiwa katika kituo kidogo cha polisi Syokimau. Hakuna kitabu kilichowaandika. Kimani akapata kipande cha karatasi ya chooni, akaandika kuomba mkewe aarifiwe na kukitupa nje, mpita njia akakiokota. Haikutosha kuwaokoa. Miili yao ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk. Kesi ile haikuhusu ugaidi, lakini nawauliza: ikiwa wakili anayefahamika aliweza kupotea hivyo, itakuwaje kwa kijana wa madrasa wa mtaa wa Majengo ambaye mtaa mzima umeshaambiwa ni gaidi? Polisi watatu na mpasha habari wao walihukumiwa Februari 2023, mmoja wao kifo. Nao pia wana watoto.

Katiba yetu ya 2010 haikuacha jambo hili kwa huruma ya mtu. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa muda huo umeangukia nje ya saa za mahakama. Kifungu cha 25 kinataja haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile, na miongoni mwake ni kutoteswa, na haki ya mahakama kuamuru mtu aletwe mbele yake. Hawakuandika "isipokuwa washukiwa wa ugaidi". Waliotunga maneno hayo walikuwa wanaijua Nyumba ya Nyayo, jengo la serikali Nairobi, na vyumba vyake vya chini, ambako watu walisimamishwa ndani ya maji mpaka wakakubali walichoambiwa wakubali.

Najua mnasema nini mkiwa wenyewe. Mnasema mahakama inawaachilia, hakimu anawapa dhamana, shahidi anaogopa, na mshukiwa anarudi mtaani kukucheka. Wengine mnayaamini haya kwa moyo safi, kwa sababu mmezika marafiki. Basi nisikilizeni kwa mfano wa bomu lile lile la 1998, kwa maana lilipelekwa mahakamani kwa njia mbili.

Njia ya kwanza: washukiwa wanne walishtakiwa New York hadharani, wakiwa na mawakili, mashahidi wakisikizwa na kuulizwa. Mei 2001, kabla hata miaka mitatu haijatimia tangu mlipuko, wote wanne walipatikana na hatia. Wamefungwa maisha. Hakuna anayebisha.

Njia ya pili ilipitiwa na Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania wa Zanzibar, aliyekamatwa Pakistan Julai 2004. Yeye hakupelekwa mahakamani. Alipotelea katika magereza ya siri ya CIA, shirika la kijasusi la Marekani, akahojiwa kwa mbinu ambazo Marekani yenyewe baadaye ilizikana, kisha Guantanamo, gereza la jeshi la Marekani, na ilipofika 2009 ndipo akaletwa New York. Upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi mzito, mtu wa kusema kwamba ndiye aliyemuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi huyo, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumlazimisha Ghailani katika gereza la siri. Novemba 2010 wazee wa baraza wakarudi na uamuzi: katika mashtaka zaidi ya 280, hatia ilikuwa moja, kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali ya Marekani. Mashtaka yote ya mauaji yalianguka.

Alifungwa maisha kwa lile moja, kwa hiyo wapo watakaosema hakuna kilichoharibika. Mimi nimekaa na jamaa za waliouawa na najua wanachokuja kukitafuta mahakamani. Wanataka kusikia jina la mtu wao likisomwa, halafu neno "hatia" lifuate. Siku ile, kwa mashtaka yote ya mauaji, jibu likawa "hana hatia". Aliyewanyima haki hao hakuwa jaji. Walikuwa ni wale waliodhani wanawasaidia.

Na anayetajwa kuwa mpangaji wa mashambulizi ya Septemba 11, Khalid Sheikh Mohammed, alikamatwa Machi 2003, akamiminiwa maji usoni mpaka akaribie kuzama mara 183. Zaidi ya miaka 20 imepita na kesi yake bado inazunguka katika maombi na rufaa, sehemu kubwa ikiwa ni kubishania nini kilipatikana kwa mateso na nini hakikupatikana hivyo. Wazazi wa waliokufa wanazeeka wakingoja.

Wala msidhani hayo ni mambo ya mbali. Mwaka 2007 kijana alikamatwa hapa Mombasa, akakabidhiwa kwa Wamarekani na kupelekwa Guantanamo. Alirudishwa Kenya Desemba 2024. Karibu miaka 18, na hakushtakiwa kwa kosa lolote. Mapema mwaka huo huo wa 2007 ndege ziliondoka Nairobi usiku zikiwa zimejaa watu waliokimbia vita Somalia, wanawake na watoto wadogo wakiwemo, wakarudishwa huko na wengi kuishia kizuizini Ethiopia. Aprili 2014 maelfu, wengi wao Wasomali, walizolewa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kwingineko, na uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa kizuizi. Niambieni ni bomu gani lilizuiwa kwa kumweka mama mjamzito uwanjani. Ninachojua ni kwamba mwezi Juni mwaka huo huo mji wa Mpeketoni, Lamu, uliteketezwa, na mtaa ambao ungeweza kuwapa ninyi habari ulikuwa umekwisha kufunga mdomo.

Wanangu, sisi tulikwisha kuwa upande wa pili. Serikali ya kikoloni iliwaita Mau Mau magaidi, kwa neno hilo hilo. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 waliuawa kwa marungu kambini Hola, hapa hapa Pwani, na serikali ikatangaza kwamba walikufa kwa kunywa maji. Ilichukua mpaka Juni 2013 Uingereza kusimama bungeni na kusema inasikitika, na kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 waliodhulumiwa. Tulishangilia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu: hatuwezi kuyadai hayo London na kuyakataa Likoni.

Juu ya kukiri nitasema kwa ufupi, maana sheria ya ushahidi mnaijua, kifungu cha 25A. Kukiri mbele ya mpelelezi wa kesi hakufai kitu. Kunatakiwa jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kinachotajwa na sheria, asiyehusika na upelelezi, na mshukiwa awe na mtu wake wa kuaminika pembeni. Mtu aliyepigwa atakutajia jina lolote ili apumzike, na wewe utaondoka kwenda kuvunja mlango wa asiyehusika huku mwenye bomu akimaliza kazi yake. Na sheria ya kuzuia mateso ya 2017 ina kifungo cha hadi miaka 25 kwa anayetesa. Kusema "niliamrishwa na mkubwa" hakukuokoi. Mkubwa akikwambia mtu huyu usimwandike, mwombe aandike amri hiyo kwa mkono wake na atie sahihi. Wengi hunyamaza hapo.

Sasa nina neno kwa wachache kati yenu, wale ambao mnajua kilichompata mtu ambaye hakuandikwa.

Kuna wanawake hapa Mombasa, Kwale na Lamu ambao si wake wa mtu na si wajane. Hawajakaa eda kwa sababu hakuna maiti. Hawawezi kuolewa. Nyumba haiuziki wala mirathi haigawiki, na watoto wanajazwa fomu za shule ambazo pana nafasi ya jina la baba na hakuna anayejua aandike "marehemu" au vipi. Sheria inawataka wangoje miaka saba ndipo mahakama idhanie kwamba mtu amekufa, na katika miaka hiyo yote kila simu isiyo na jina inapolia moyo unaruka. Hawa hawajashtakiwa kwa lolote, na wamefungwa na ninyi.

Ikiwa unajua, sema. Nenda IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ina ofisi Mombasa. Sheria ya kuwalinda mashahidi ipo, na wapo askari waliosimama kizimbani kueleza waliyoyaona. Ukiogopa kwenda mwenyewe, mwambie wakili, au imamu, au padre wako, afikishe yeye: ni nani, siku gani, mlimpeleka wapi.

Mzee wenu,
karani mstaafu wa mahakama, Mombasa