Stockholm huonwa kutoka majini

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu Stockholm ilimshauri msafiri apande basi la watalii la ghorofa, aanzie kwenye maduka ya Mji Mkongwe wa kule, na abebe dola taslimu za kutosha. Kwa mtu wa Mwanza, ambaye safari hiyo ataipata pengine mara moja, kwa mkutano au kumtembelea ndugu anayesoma kule, ushauri huo utamla fedha na bado hatakuwa ameliona jiji.

Stockholm imekaa juu ya visiwa 14, mahali ziwa Mälaren linapomwagikia katika Bahari ya Baltiki. Ziwa hilo limeizidi bahari kimo kwa sentimita 70 hivi tu. Letu, Victoria, liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji matamu hupita katikati ya jiji, chini kabisa ya kasri la mfalme, kwenye mkondo uitwao Strömmen, na kandokando yake wamesimama watu na fimbo za kuvulia wakingoja samaki aina ya samoni. Kuvua kwa fimbo hapo ni bure, hata kwa mgeni. Mtu wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba asikose kupita, japo kuangalia tu.

Jiji la namna hiyo ukiliona kwa basi unaona vioo vya maduka na taa za barabarani. Panda kivuko. Tiketi ya kawaida ya SL, usafiri wa umma wa kule, hudumu dakika 75, nayo inafanya kazi kwenye treni ya chini ya ardhi, basi, tramu na vivuko kadhaa. Kivuko namba 82 hutoka Slussen kwenda kisiwa cha Djurgården kwa muda usiofika robo saa, na waliomo wengi ni watu wa shughuli zao, kama kwenye kile cha Kamanga hapa Mwanza. Usikae ndani. Simama nyuma kwenye sitaha uangalie Mji Mkongwe unavyorudi nyuma na miamba ya Södermalm ikisimama upande wa pili. Ukitaka safari ndefu zaidi, namba 89 hutoka Klara Mälarstrand, karibu na Jumba la Jiji, na kwenda hadi Ekerö ndani ya ziwa, kwa tiketi ileile.

Tiketi hulipwa kwa kugusa mashine kwa kadi ya benki, na wengi hukosea hapa: kila mtu aguse kwa kadi yake. Kadi moja ni tiketi moja. Mume na mke wakigusa kwa kadi moja, mmoja wao anasafiri bila tiketi, na mkaguzi akija faini yake si ndogo.

Djurgården kuna mambo mengi, ikiwemo Skansen, makumbusho ya wazi ya nyumba za zamani yaliyofunguliwa 1891. Mwenye nusu siku tu aende moja kwa moja kwenye meli ya Vasa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka gatini.

Vasa ilikuwa manowari ya mfalme Gustav II Adolf. Iling'oa nanga tarehe 10 Agosti 1628, ikaenda mita 1,300 hivi, upepo ukaipiga, ikalalia ubavu wa kushoto, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga ya chini yaliyokuwa wazi, ikazama mbele ya watu waliokuja kuiaga. Walikufa watu wapatao 30. Sababu utaiona kwa macho ukianza kuiangalia kutoka ghorofa ya chini kabisa ya jumba la makumbusho ilimowekwa, usawa wa mkuku, yaani uti wa chini wa meli, kisha ukapanda ngazi polepole. Chini tumbo ni jembamba. Juu kuna sitaha mbili za mizinga, na tezi, yaani sehemu ya nyuma, imepaa kama nyumba ya ghorofa, imejaa sanamu za mbao. Mizinga ilikuwa 64. Farumi, yaani uzito wa kuituliza meli chini, ilikuwa mawe ya tani 120 hivi, hayakutosha, na kuongeza mengine kungeyashusha matundu ya mizinga karibu zaidi na maji. Walijua. Kabla ya safari mabaharia 30 walikimbizwa kutoka ubavu hadi ubavu kuijaribu. Mara ya tatu jaribio likasimamishwa kwa hofu ya kupinduka palepale bandarini. Meli ikaondoka hivyohivyo. Ndani yake zimepatikana rula za mafundi zisizolingana, nyingine za futi ya Uswidi yenye inchi 12, nyingine za futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Baraza la uchunguzi halikumwadhibu mtu. Fundi mkuu alikuwa amekwisha kufa mwaka mmoja kabla. Sisi tulio na makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba pale Igoma tangu Mei 1996 tutasimama mbele ya Vasa kwa namna ambayo mtalii wa kwingine hawezi.

Imebaki nzima kwa sababu Baltiki haina chumvi ya kutosha kwa yule mdudu wa baharini atobolaye mbao. Iliinuliwa tarehe 24 Aprili 1961, ikanyunyiziwa dawa ya mfano wa nta kwa miaka 17 ili mbao zisipasuke zikikauka. Ukumbi una mwanga hafifu na joto la nyuzi 18 hadi 20, kwa hiyo beba sweta, na usitegemee simu kupiga picha nzuri. Nenda milango inapofunguliwa au baada ya saa tisa alasiri. Mchana hujaa abiria wa meli kubwa za utalii. Walio chini ya miaka 19 hawalipi.

Mji Mkongwe, Gamla Stan, si mbaya, ila maduka yake ya mtaa mkuu ni vikombe na kofia za pembe. Ingia vichochoro. Mårten Trotzigs gränd ina upana wa sentimita 90 mahali pembamba, na ngazi 36. Mtu wa Zanzibar atajiona yuko Mji Mkongwe wa kwao, bila joto. Kwenye uwanja wa Stortorget, ambako mwaka 1520 mfalme wa Denmark alikatisha watu vichwa, kuna makumbusho ya Tuzo ya Nobel. Washindi huweka saini zao chini ya viti vya mgahawa wa humo, kwa hiyo kabla ya kukaa geuza kiti usome. Hakuna atakayekushangaa, ndiyo desturi ya mahali. Abdulrazak Gurnah wetu, mshindi wa fasihi wa 2021, medali yake alikabidhiwa London kwa ajili ya korona. Kwa kawaida tuzo hiyo hutolewa Stockholm tarehe 10 Desemba, na karamu hufanyika Jumba la Jiji, katika Ukumbi wa Bluu ambao ni wa matofali mekundu, kwa kuwa msanifu alibadili mawazo lakini jina likabaki. Kuingia jumba hilo ni kwa kuongozwa tu. Bustani yake ya ufukweni ni bure.

Mvua ikinyesha shuka chini ya ardhi. Stesheni zipo 100, na zaidi ya 90 zina kazi za sanaa. Kwenye njia ya bluu mwamba haukufichwa kwa vigae. Umeachwa na mikunjo yake ukapakwa rangi. Mtu aliyekulia katikati ya mawe ya Mwanza atajisikia nyumbani kule T-Centralen, Kungsträdgården na Solna Centrum. Unaweza kuteremka, kutazama, na kupanda treni inayofuata ndani ya tiketi ileile.

Kuhusu dola, tafadhali sahihisheni. Utakutana na vibao mlangoni vya "kontantfritt", yaani taslimu haipokelewi, na kwenye basi dereva hachukui fedha kabisa. Malipo yao ya simu, Swish, yanataka akaunti ya benki ya huko, hivyo mgeni hawezi. Kabla ya kuondoka Mwanza hakikisha benki yako imeifungua kadi kwa matumizi ya nje na kwa kugusa, na ubebe ya pili.

Viza ni ya Schengen: ada euro 90 kwa mtu mzima, bima ya angalau euro 30,000, na maombi yaingie si chini ya siku 15 kabla ya safari, afadhali miezi miwili. Uwanja wa ndege wa Arlanda uko kilomita 40 hivi kutoka mjini. Treni ya moja kwa moja ni ghali. Basi namba 583 hadi Märsta, kisha treni ya kawaida, hutumia tiketi ya SL bila ada ya uwanja.

Mwezi wa Juni jua huzama kwenye saa nne usiku, na vivuko hivyo vinapendeza zaidi wakati huo. Desemba huzama kabla ya saa tisa alasiri, kwa hiyo mambo ya nje yafanywe asubuhi, na kwa viatu vyenye soli ya kushika: barafu ya vichochoroni haionekani.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza